Imo, Haipo

Badri aliiweka mezani kama mtu awekaye kuku mgonjwa,
kwa mikono miwili, bila kuniangalia.
"Haionekani," akasema. "Jana ilikuwapo."
Nje, Kutaisi ilikuwa inaanguka theluji majimaji,
na Vazha muoka mikate wa chini alikwisha washa tanuri,
sakafu yangu ikawa na joto la kumfaa paka.

Nilitengeneza vipimo vya presha kiwanda cha malori
miaka ishirini na miwili, mpaka kiwanda kikaisha.
Tangu hapo natengeneza chochote kinacholetwa na mtu aliyekosa usingizi.
Swali langu la kwanza ni lile lile:
umeiangusha?
Wote husema hapana.
Badri alisema, "Kidogo."

Diski imo. Naiona kwa macho yangu,
imeshikwa na skrubu tatu kati ya nne.
Imo, lakini haipo:
kwenye ile orodha ya buluu, kabla kompyuta haijaamka vizuri,
kuna kumbukumbu, kuna feni, kuna saa iliyochelewa miaka mitatu,
na pale penye jina lake pameandikwa Hakuna.
Imo na haipo.
Basi iko wapi?

Huanza na kilicho rahisi; aibu ni nafuu kuliko vipuri.
Nikachomoa kebo nyembamba, nikapuliza, nikachomeka.
Hakuna.
Nikabadilisha kebo. Hakuna.
Nikahamia soketi ya pili, ya tatu, ile ya tano nisiyoiamini.
Hakuna, kwa herufi zile zile,
kama karani asiyeinua uso.

Badri muda wote anaongea.
Harusi arobaini na moja zimo humo.
Bibi harusi wa Tskaltubo alikuwa akipiga simu kila siku,
sasa anapiga mama yake.
Babu wa bibi harusi huyo alisimama na pembe ya divai,
akanena dakika sita, watu wakaacha kutafuna.
Jumapili iliyofuata wakamzika.
"Maneno yale hakuna aliyeyashika," Badri akasema.
"Kila mtu alijua kamera ipo."

Nikamwambia anyamaze.
Si kwa ukali. Nilitaka kusikia.
Nikaweka vidole juu ya kifuniko:
diski nzima hutetema inapozunguka,
kama shavu la mtoto anayenyonya.
Hii, baridi tu.
Kumbe ugonjwa ulikuwa njaa.
Nikaufuata umeme kinyumenyume, kiungo kwa kiungo,
nikaukuta waya wa njano umeungua ndani ya plagi,
kwa nje mzima, kama mtu mwenye heshima zake.

Nikakata. Nikachuna. Nikalehemu.
Mvumo.
Na kwenye orodha, jina: herufi na tarakimu kumi na tano,
baya, refu, zuri.
"Ipo!" Badri akanibusu utosini.

Mimi nilikuwa bado nasikiliza.
Chini ya mvumo, ta. Kisha ta, ta.
Ile "kidogo" yake ilikuwa inagonga mlango kutoka ndani.
"Haitakaa," nikamwambia. "Chagua. Kipi kwanza?"
Mtu yule wa maneno akakosa neno.
Ta, ta, ta.
"Babu," akasema.

Mstari wa kijani ukatambaa.
Chini Vazha aliita kwamba mikate imeiva, hatukuitikia.
Tulipata faili moja. Kisha mvumo ukakatika
na karani akarudi kazini: Hakuna.

Tukaifungua. Picha ilikuwa miraba iliyovunjika,
pembe bila mkono, mkono bila mtu.
Sauti ilikuwa nzima, na kikohozi chake, na sahani moja ikiwekwa chini.

Badri alisikiliza mara mbili amevaa koti.
Mlangoni akageuka. "Na zile arobaini?"
"Zimo," nikamwambia.
Sikusema zipo.